Tundu lisilozibwa katika sanduku la umeme

Mwezi wa Februari nilipigiwa simu na mama mmoja wa Raskazone, hapa Tanga, akanieleza kwamba kila anapowasha hita ya bafuni kunatoka harufu ya samaki aliyeoza karibu na mlango wa ukumbi. Alikuwa amekwisha kusogeza makabati na kutafuta panya mfu kwa siku mbili. Nilimwomba azime hita, asiiwashe tena na anisubiri, kwa sababu harufu ya samaki mahali pasipo na samaki ni dalili ambayo fundi umeme hapaswi kuilaza mpaka kesho: plastiki ya vifaa vya umeme inapopata joto kupita kiasi, mara nyingi hunuka hivyo hivyo.

Sanduku la umeme la nyumba nzima, lililokuwa hapo karibu na mlango, lilikuwa la plastiki nyeupe iliyokwisha kuwa ya njano, limeshikwa ukutani kwa skrubu mbili badala ya nne, na juu yake palikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 lililotobolewa kupitisha waya mmoja mwembamba. Kupitia tundu hilo nyigu walikuwa wameingia na kujenga viota vyao vya udongo katikati ya breka, zile swichi zinazojikata mkondo ukizidi, na mjusi kafiri aliyekauka alikuwa amelala juu ya bamba la nyutro, yaani la nyaya za kurudishia umeme. Waya wa nyutro wa hita ulikuwa umebanwa na skrubu ambayo bisibisi yangu iliizungusha zaidi ya nusu mzunguko kabla haijakaza. Gamba lake la bluu lilikuwa limegeuka rangi ya kahawa kwa urefu wa kidole, na ukuta wa sanduku nyuma yake ulikuwa umevimba kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto.

"Fundi, kumbe umeme wenyewe ndio mbovu?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Umeme ni mzima. Kibovu ni sanduku unamopita."

Tunaposikia kwamba nyumba imeteketea kwa hitilafu ya umeme, maneno hayo hutuachia picha ya kitu kilichoshuka kutoka kwenye nguzo. Katika kazi yangu hitilafu hiyo nimeikuta mara nyingi ndani ya sanduku la mgawanyo, ambalo mafundi tunaliita DB, kwenye skrubu iliyolegea. Hesabu yake ni nyepesi. Hita ya wati 5,500 katika umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 24. Kama kiungo kilicholegea kina ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu, mahali hapo patazalisha joto la karibu wati 58, yaani sawa na balbu ya zamani ya wati 60 iliyofungiwa ndani ya boksi dogo, juu ya ncha ya waya. Breka ya ampea 32 haitakata, kwa sababu mkondo haujazidi. RCCB, ile inayokata umeme unapovuja, nayo haitakata, kwa sababu hakuna kilichovuja. Kinachobaki kati ya joto lile na pazia la ukumbi ni ganda la sanduku peke yake, na hii ndiyo sababu ninaumia ninapomwona mtu anatumia fedha nyingi kwenye vigae na taa za dari, kisha anamwambia fundi atafute "DB yoyote ya bei nafuu".

Huko Uingereza jambo hili lilibadilisha kanuni. Baada ya kikosi cha zimamoto cha London kuonyesha kwamba moto mwingi wa majumbani ulianzia kwenye masanduku ya plastiki, na viungo vilivyolegea vikiwa chanzo kikubwa, marekebisho ya tatu ya BS 7671, yaani kanuni zao za wayaringi, yaliyotolewa mwaka 2015, yalitaka kuanzia Januari 2016 masanduku ya majumbani yawe na ganda lisiloshika moto, kama vile chuma. Mafundi wengi wa huku tulisoma wayaringi kwa misingi ya kanuni hizo hizo, kwa hiyo ushauri wangu kwa sanduku la ndani ya nyumba ni chuma. Lakini mimi nafanya kazi pwani, na pwani chuma kina adui ambaye London hawamjui sana. Upepo wa bahari huleta chumvi inayotua kwenye kila kitu. Sanduku la bati lililopakwa rangi, likiwekwa barazani mita 100 kutoka ufukweni, huanza kutoa machozi ya kutu kwenye bawaba na kwenye kila tundu la skrubu, na baada ya misimu michache mlango wake hubaki mkononi mwa anayeufungua.

Basi mimi nagawa hivi. Sanduku kuu lenye breka zote za nyumba nalifunga ndani, mahali pakavu, na liwe la chuma kilichopakwa rangi ya unga iliyochomwa tanurini. Vile vinavyolazimika kukaa nje, kama kisanduku cha pampu ya kisima au cha taa za geti, nachagua plastiki nzito ya polikabonati au plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, yenye maelezo ya mtengenezaji kwamba inahimili jua, kwa sababu plastiki ya kawaida ikipigwa na jua hugeuka njano, ikakauka na kupasuka kama ganda la yai. Mwenye uwezo anaweza kununua chuma cha pua, ila aulize daraja lake. Daraja la 304 karibu na bahari hupata madoa na vitobo vidogo. Daraja la 316, ambalo limechanganywa na molibdenamu, ndilo linalostahimili chumvi. Kisanduku cha plastiki cha nje nakifunga kwenye ukuta wa tofali au zege, kamwe si kwenye ubao au chini ya paa la makuti, ili kikishika moto kisiwe na cha kuambukiza.

Aliyechagua chuma amejitwisha wajibu mwingine. Ganda la chuma linaweza kushika umeme, na kwa hiyo ni lazima liunganishwe na arthi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, pamoja na mlango wake, ambao hupewa kipande chake cha waya kinachonyumbulika kwa sababu bawaba yenye rangi na kutu haiaminiki. Hata hapo pana hatari ambayo wengi hawaifikirii. Nyumba inayotegemea fimbo yake yenyewe ya arthi inaweza kuwa na ukinzani wa omu 50 kati ya fimbo na ardhi, hasa udongo ukiwa mkavu au wa mchanga kama wetu. Waya wa laivu, ule unaoleta umeme kutoka kwenye mita, ukichubuka kwenye ukingo wa bati kabla haujafika kwenye RCCB, volti 230 zikigawanywa kwa omu 50 zinatoa ampea 4.6 tu. Hakuna breka kuu ya ampea 63 itakayojali ampea nne na nusu, na sanduku litakaa na umeme mwilini mwake likimsubiri mtoto mwenye miguu mibichi. Ndiyo maana nyaya zinazoingia kutoka kwenye mita hazipiti kwenye tundu la bati tupu hata siku moja: zinavishwa gamba la pili, zinapita kwenye glandi (kibano kinachokaza waya kwenye tundu) au pete ya mpira, na zinabanwa ili zisivutike.

Kuhusu maji na vumbi, sanduku zuri huandikwa herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza inasema juu ya vitu vigumu: 2 ina maana kidole hakiingii, kwani hakuna uwazi wa milimita 12.5, 4 ina maana hata waya wa milimita 1 haupiti, 6 ina maana vumbi haliingii kabisa. Ya pili inasema juu ya maji: 4 ni maji ya kurushwa kutoka kila upande, 5 ni maji ya mpira wa bomba, 7 ni kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. Ukumbini IP40 inatosha. Nje nataka IP65, na ninamwambia mteja waziwazi kwamba hiyo haimaanishi kisanduku kinaweza kulala kwenye dimbwi.

Sasa namba hizo ni ahadi ya kiwandani, nayo inahusu sanduku ambalo halijatobolewa. Siku fundi anapoweka kekee yake juu ya ganda, ahadi inahamia kwake, na kila tundu analotoboa ni deni mpaka alizibe sawasawa. Naandika hili kwa msisitizo kwa sababu niliwahi kukosea mwenyewe. Miaka ya mwanzo baada ya kumaliza chuo cha ufundi cha VETA nilifunga kisanduku cha IP65 cha pampu katika shamba la minazi upande wa Pangani, nikapitisha waya kwa juu kwa sababu ulikuwa unatoka darini na njia hiyo ilikuwa fupi, nikaziba kwa silikoni nikaridhika. Masika yalipoingia maji yalifuata mgongo wa waya kutoka kwenye paa, yakasimama juu ya silikoni, yakatafuta njia, na nilipoitwa nilikuta kontakta, ile swichi inayowasha pampu, imekaa kwenye maji ya kina cha vidole viwili. Mwenye shamba hakunilaumu kwa maneno, lakini minazi yake michanga ilikuwa imekaa siku nne bila maji, na nililipa kontakta ile kutoka mfukoni mwangu.

Tangu hapo nyaya za nje zinaingia kwenye kisanduku kwa chini, na kabla ya kuingia naziacha zining'inie kidogo chini ya usawa wa glandi kisha zipande, ili tone linalofuata waya lidondoke pale kwenye tumbo lake badala ya kuingia. Glandi iwe ya kipimo cha waya wenyewe: glandi ya milimita 20 iliyobana waya mwembamba uliozungushiwa soloteipu haijabana kitu, na nyaya mbili ndani ya glandi ya tundu moja huacha pembetatu ya uwazi ambayo sisimizi wataiona kabla yako. Tundu lililotobolewa kimakosa huzibwa kwa kizibo chake cha kukaza na nati. Na ndani, nafasi ya breka iliyobaki wazi kwenye kifuniko lazima iwekewe kipande cha plastiki cha kuzibia, kwa kuwa uwazi wa moduli moja, yaani upana wa breka moja, ni karibu milimita 18 na kidole cha mtu kinapita bila shida mpaka kwenye basba, bamba linalogawa umeme kwa breka.

Kuna jambo moja linalowashangaza wateja, nalo ni kwamba kisanduku kilichozibwa vizuri mno kinaweza kupata maji kutoka ndani yake. Hewa ya pwani imejaa unyevu. Mchana kisanduku kinapata joto, usiku kinapoa, na unyevu uliofungiwa ndani unageuka matone kwenye kuta zake. Kwa vile vya nje naweka kwenye upande wa chini kizibo maalumu cha kupumulia, kinachoruhusu hewa na kutoa maji bila kuyaingiza.

Dukani sitegemei maandishi ya boksi peke yake. Nalifungua sanduku, naligusa ubavu kwa kidole gumba, na kama bati linabonyea nalirudisha. Nainua reli ya milimita 35 inayoshika breka nione kama inacheza. Kisha natoa sumaku ndogo ninayotembea nayo na kuigusisha kwenye mabamba ya nyutro na arthi: shaba nyeupe na shaba nyekundu hazivutwi na sumaku, chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu kinavutwa. Jaribio hili linachukua sekunde tano, na limenionyesha mabamba mengi ambayo yangeota kutu kabla mwenye nyumba hajamaliza kulipa deni la vigae. Natazama pia alama ya ubora ya TBS na kiwango kilichoandikwa kwenye breka yenyewe. Breka ya nyumbani isiyosema popote kwamba inakata hadi kiloampea ngapi, nyingi zikiwa 6, siichukui.

Ukubwa hupimwa kwa moduli, na hapa ndipo wajenzi wengi wanapobana matumizi wakaja kujuta. Nyumba ya vyumba vitatu kama ya yule mama ina swichi kuu inayokula moduli mbili, RCCB inayokula mbili nyingine, njia mbili za taa, tatu za soketi, moja ya jiko, moja ya hita, moja ya pampu na mbili za viyoyozi. Hizo ni 14. Sanduku la moduli 12 limekwisha kushindwa kabla ya kuanza, na la 16 litajaa siku atakapojenga banda la uani. Kwake nilifunga la 20. Nafasi si kwa ajili ya kesho tu. Breka za majumbani hupimwa kiwandani katika joto la nyuzi 30 za Selsiasi, na Februari ya Tanga, ndani ya sanduku lililoshonwa breka bega kwa bega, joto hupita hapo kwa mbali, hivyo breka hukata mapema kuliko inavyopaswa. Mwenye nyumba anachoka kuirudisha na kumwita mtu aweke "breka kubwa". Breka ya ampea 20 inakuwa ya 32, waya unabaki ule ule wa milimita za mraba 2.5, na tangu siku hiyo waya ndio unaolinda breka.

Mahali pa kulifunga ni pale ambapo mtu mzima anasoma maandishi bila kupanda stuli, karibu mita 1.5 kutoka sakafuni, na anapafikia gizani bila kuruka kitu. Bafuni hapana, juu ya sinki hapana, juu ya mtungi wa gesi hapana, na ndani ya kabati la nguo hapana hata kama linaficha vizuri. Kwa visanduku vya nje nauliza kwanza mvua ya kusi inapiga ukuta upi, kisha nachagua ukuta mwingine.

Ukuta wenyewe unastahili kuulizwa. Tofali la saruji lenye uwazi ndani halishiki skrubu inayoangukia kwenye uwazi, hivyo nagonga kwanza na kusikiliza. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa ndizo ngumu zaidi, kwa sababu kekee ya kugonga humong'onyoa jiwe na kuacha shimo pana lenye unga. Huko natoboa bila kugonga, kwa kasi ndogo, napuliza unga wote, na likiwa sanduku zito naweka kwanza ubao mgumu ulioshikwa mahali pengi, kisha bamba lisiloshika moto juu yake, ndipo sanduku. Kwenye ukuta wa udongo na miti sifungi kwenye udongo hata kidogo. Natafuta nguzo zenyewe.

Kabla ya kekee kugusa ukuta nazima umeme, nafunga swichi isirudishwe na mtu mwingine, na napima. Testa naijaribu kwanza mahali ninapojua pana umeme, kisha kwenye nyaya zangu, kisha narudi tena pale pa kwanza, kwani testa iliyokufa katikati ya kazi inasema "hakuna umeme" kwa sauti ile ile ya testa nzima. Nyaya kutoka kwenye mita hubaki na umeme hata swichi kuu ikizimwa. Lakiri ya TANESCO, shirika la umeme, si yangu kukata. Wanaitwa wao, na kazi yenyewe inapaswa kufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Pale Raskazone tulisubiri mpaka kesho yake mchana, na mama akalala bila umeme usiku mmoja. Nilimwomba radhi kwa hilo lakini sikubadili uamuzi.

Sanduku linanyooshwa kwa pima maji, linashikwa kwa skrubu zote nne, na kama ni la nje naacha uwazi wa milimita chache nyuma yake kwa washa nene ili maji yasituame kati yake na ukuta. Likishakaa, ndipo kazi inayoamua kila kitu inaanza, nayo ni kukaza. Nachuna gamba kiasi cha kuingia tu, bila shaba kubaki nje na bila gamba kuingia chini ya skrubu. Natazama kwa tochi kama jino la basba limeingia ndani ya taya ya breka au limepita nyuma yake, kwa sababu kwa macho ya haraka yote mawili yanafanana. Nakaza kwa bisibisi ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, ambayo kwa breka nyingi za nyumbani ni kati ya newtoni mita 2 na 3.5, kisha navuta kila waya kwa mkono, mmoja mmoja. Mkono wangu una miaka mingi kwenye kazi hii na bado hauwezi kutofautisha 2 na 3, bisibisi inaweza.

Jioni ile, baada ya umeme kurudi, nilibandika ndani ya mlango karatasi yenye jina la kila njia na tarehe ya siku hiyo, nikaandika chini yake kwamba nitarudi baada ya masika kukagua skrubu zote. Kisha nilimwita mama nikamwonyesha kitufe cha majaribio cha RCCB na kumwomba akibonyeze mwenyewe. Alikibonyeza kwa kidole cha shahada akiwa amegeuza uso pembeni, taa zote zikazimika, friji ikanyamaza. Nilimwelekeza swichi iliyoanguka, akaisukuma juu mpaka ikalia, na taa zikawaka. Akakibonyeza mara ya pili, safari hii akitazama.